Ghorofa ya hewa katika mtaa wa Alberta

Kazi yangu ni usanifu majengo, na nikikagua nyumba huanzia chini: msingi, unyevu, nyufa. Mtaa wa Alberta mjini Riga, Latvia, ulinivurugia mazoea hayo. Nilitembea kichwa kikiwa juu hadi shingo ikauma, nikakanyaga dimbwi mara mbili.

Simama upande wa pili wa barabara, uitazame namba 2a, ya mwaka 1906. Mlangoni wamelala sfinksi wawili, sanamu za simba wenye kichwa cha binadamu. Panda kwa macho ghorofa baada ya ghorofa, sura za watu, maua, mistari ya rangi, hadi safu ya juu kabisa. Madirisha ya huko yana umbo na mapambo kama mengine, ila hayana kioo wala pazia. Ndani yake yanapita mawingu. Ukuta umepandishwa kupita paa ili nyumba ionekane ndefu: kilemba cha ukoka kwelikweli.

Aliyeibuni ni Mikhail Eisenstein, mhandisi wa ujenzi, baba wa Sergei yule mwongozaji wa filamu. Yapo pia majengo yake jirani, kama namba 4, lenye vichwa vya Medusa, yule mwanamke wa hekaya za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, vilivyoachama vinywa huko juu. Mapambo ya namna hii kwa kawaida hayachongwi moja moja. Plasta au saruji humiminwa kwenye kalibu, kisha kipande hubandikwa ukutani. Ndiyo maana ukitulia utaiona sura ileile ikijirudia.

Kwa nini mbwembwe zote hizi? Riga ilikuwa bandari kubwa ya dola ya Urusi. Kuta za ngome zilianza kubomolewa 1857, mji ukapata nafasi ya kupanuka. Kutoka watu wapatao 282,000 katika sensa ya 1897, ulivuka nusu milioni kabla ya vita vya 1914. Wenye nyumba waligombea wapangaji wenye pesa, na uso wa nyumba ukawa tangazo. Nyuma yake ni matofali na vyumba vya kupangisha.

Mimi moyo wangu uko namba 12, ya 1903, nyumba ya Konstantīns Pēkšēns, aliyeisanifu pamoja na Eižens Laube. Ingia, simama chini ya ngazi, utazame juu: zinajizungusha kama kombe la konokono. Pale pambo lenyewe ndilo linalokupandisha nyumbani. Hilo ndilo ninaloliita usanifu.

Hata hivyo nilirudi 2a. Niliwaza matengenezo, maana ukuta unaosimama peke yake juu ya paa hupigwa na mvua mbele na nyuma, na upepo hauna huruma. Nikiwa katika hesabu hizo, njiwa akaingia dirisha la juu, akatokea upande wa pili bila kumwamsha mpangaji yeyote.