Saa za kuchukua damu ya mgonjwa anayepewa jentamaisini

Sampuli mbili za damu zinatosha kukuonyesha mwili wa mgonjwa unavyoitumia jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, mradi zichukuliwe kwa wakati unaofaa. Tunatafuta mambo mawili: ujazo ambamo dawa imeenea, na kasi ya figo kuiondoa. Sampuli ya mapema ndiyo yenye habari nyingi kuhusu ujazo. Kasi huonekana kwenye pengo kati ya sampuli hizo mbili.

Kwa mtu mzima mwenye figo zenye afya, nusu-uhai ya dawa hii, yaani muda wa kiwango chake kwenye damu kupungua kwa nusu, ni kama saa 2 hadi 3. Sampuli ya kwanza naipanga saa moja baada ya dripu kwisha. Kabla ya hapo dawa bado inatoka kwenye damu kuingia kwenye tishu, na kiwango utakachopata ni kikubwa mno. Ya pili naiweka saa 6 hadi 8 baadaye. Kusubiri hadi dozi ya kesho hakusaidii: maabara itajibu "chini ya kiwango kinachopimika". Hapo utajua dawa haijarundikana, lakini huna namba ya kukokotolea.

Chukua mgonjwa wa kilo 60. Amepewa miligramu 420 kwa dripu ya nusu saa, kuanzia saa 2:00 asubuhi. Saa 3:30 asubuhi kiwango ni miligramu 16 kwa lita; saa 10:00 jioni ni 2. Logi asilia ya 16/2 ni 2.08, gawanya kwa saa 6.5, upate 0.32 kwa saa. Nusu-uhai ni saa 2.2, ujazo lita 17.6, na usafishaji (kiasi cha ujazo huo kinachosafishwa dawa kila saa) lita 5.6 kwa saa.

Sasa tuseme damu ya kwanza ilitoka saa 4:00, lakini fomu ikajazwa 3:30 kwa kuwa ndivyo ratiba ilivyosema. Ujazo wa kweli ni lita 14.3, usafishaji 5.0. Nusu saa tu imeupandisha ujazo kwa zaidi ya asilimia 20! Ndiyo maana nasisitiza: andikeni saa damu ilipotoka, hata kama mmechelewa. Tena mtumie saa za namba 24. "10:00" ya jioni ikisomwa kama asubuhi ya kizungu, pengo linabaki nusu saa na nusu-uhai inakuwa dakika 10.

Damu itoke mkono usio na dripu. Mgonjwa akiwa pia kwenye penisilini, sampuli isikae mezani, maana penisilini huendelea kuiharibu jentamaisini ndani ya chupa. Tenganisheni plazma (majimaji ya damu) upesi na kuigandisha kwenye friza.

Figo zikiwa dhaifu, ratiba hii haifai. Nusu-uhai ikifika saa 30, katika saa 6.5 kiwango kinashuka asilimia 14 tu, na kosa la kawaida la kipimo linaweza kuumeza mshuko huo. Sogeza sampuli ya pili hadi saa 24 baadaye, na dozi inayofuata isubiri majibu.