Hoteli ikipangwa jirani na visima vya Shela: pa kuangalia, cha kupima, cha kuandika

Mradi wa hoteli ukitajwa Shela, kijiji cha ufukweni katika kisiwa cha Lamu, Kenya, hoja za kwanza barazani huwa urefu wa ghorofa, muziki wa usiku na mavazi ya wageni mitaani. Zina uzito wake. Ila anayeifahamu kazi ya kukagua miradi akipewa ripoti ya mradi hufungua kwanza ukurasa wa maji. Kelele hukomeshwa kwa amri; kisima kilichoingia chumvi huweza kuchukua miaka kupona.

Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo tangi la mji wa Lamu. Mvua hunywea mchangani, maji matamu yakakaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kwa sababu ni mepesi kidogo. Kanuni ya kukadiria ni moja kwa arubaini: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini yake. Kanuni hiyo hukata pande zote mbili. Maji yakishuka sentimita 10 na kubaki hapo, mpaka wa chumvi unaweza kupanda kiasi cha mita 4. Pampu kubwa hudhuru zaidi ya ndoo hata zikitoa kiasi kile kile kwa siku, maana huvuta mahali pamoja, kwa nguvu, na chumvi hupanda chini ya bomba lenyewe. Wala haihitaji kuwa nyingi: sehemu 2 za maji ya bahari katika 100 zatosha mtu kuonja chumvi kwenye chai.

Basi piga hesabu ya mradi wenyewe. Tuseme hoteli ina vyumba 40, wageni wawili kila chumba, lita 300 kwa mgeni. Hizo ni lita 24,000 kwa siku, yaani mitungi 1,200 ya lita 20, kabla ya bustani na dobi. Bwawa la kuogelea la mita 12 kwa 6, kina mita 1.5, linajazwa kwa lita 108,000. Ripoti ikisema tu kwamba maji "yatatoka vyanzo vilivyopo", hapo hamna jibu. Ulizeni kisima kitachimbwa wapi, kitavuta lita ngapi kwa saa, na kama Mamlaka ya Rasilimali za Maji imetoa kibali.

Jibu la siku hizi huwa mtambo wa kusafisha maji ya bahari. Unapunguza mzigo wa visima, ni kweli. Lakini mtambo wa kawaida katika lita 100 hutoa kama 40 za kunywa, na 60 zilizobaki zina chumvi kali kuliko bahari. Zikimwagwa kwenye mkondo mwembamba penye mikoko au nyasi za baharini, wavuvi ndio wa kwanza kuona hasara. Bomba la kutolea lionyeshwe kwenye ramani.

Maji taka nayo yanataka jicho. Mchanga huchuja taka ngumu, ila uchafu ulioyeyuka na vijidudu huenda mbali kuliko kwenye udongo wa mfinyanzi. Mita 30 kati ya shimo la maji taka na kisima ni umbali wa kuanzia tu, tena shimo lisiwe upande ambako maji ya chini ya ardhi hutoka kuelekea visima. Yakisafishwa kwa mtambo, kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka BOD, kipimo cha uchafu unaooza, isizidi miligramu 30 kwa lita.

Kuhusu ufukwe, Ibara ya 62 ya Katiba inaiweka ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Juu ya hapo, kanuni za upimaji hutaka kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 uachwe ardhi ya serikali inapopimwa ili igawiwe. Kiwanja chenye hati ya zamani huenda kisiguswe na sharti hilo, kwa hiyo ombeni ramani ya upimaji. Alama ya maji kujaa ipimwe wakati wa bamvu, bahari inapojaa kupita siku nyingine. Iliyowekwa siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo, humsogeza mjenzi baharini. Vilevile kusi na kaskazi huhamisha mchanga kila moja kwa njia yake, na ripoti ya ziara ya wiki moja haiwezi kuona hilo. Ukuta ukijengwa, ulizeni ncha zake zinaishia wapi: mawimbi yakizuiwa hapo hula mchanga wa jirani.

Anzeni daftari la visima kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Funga uzito kwenye futi, pima kutoka alama moja ya mdomo wa kisima hadi maji, andika tarehe, saa na kama bahari imejaa au imekupwa, kwa kuwa maji ya visima vya karibu na pwani hupanda na kushuka pamoja nayo. Vipimo viendelee hadi mwisho wa kaskazi, visima vinapokuwa vikavu zaidi. Bila daftari, mwaka ujao mtaambiwa visima vilikuwa hivyo tangu zamani.

Sasa karatasi. Ulizeni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mradi umewasilisha ripoti fupi au tathmini kamili. Ya pili hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na tangazo hutaja muda wa maoni, kwa kawaida siku 30. Pelekeni barua nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Barazani, ile orodha ya mahudhurio isainiwe kwa tahadhari: huambatishwa kwenye ripoti kana kwamba kila aliyesaini ameridhia. Andika kando ya jina lako, "nimehudhuria, napinga", kama unapinga.

Kikao cha utambulisho kilichofanyika kabla ya utafiti hakitoshi. Mwaka 2019 jopo la kusikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa hiyo: wananchi walikutanishwa mapema, matokeo ya utafiti hayakurudishwa kwao. Leseni ya hoteli ikitolewa, rufaa kwa jopo hilo ina siku 60. Nendeni na nakala ya leseni, barua yenye muhuri na daftari la visima.