Mama kupelekwa tiba shufaa: maswali ya familia

Daktari amesema mama ataonwa na timu ya tiba shufaa. Ndiyo wamemkatia tamaa?

Hapana. Timu hii hutuliza maumivu na dhiki za mgonjwa mwenye maradhi mazito, iwe saratani, moyo kushindwa kazi au figo, huku matibabu mengine yakiendelea. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani juu ya saratani ya mapafu iliyosambaa: walioonwa na timu hii mapema walikuwa na hali bora, sonona kidogo, na kwa wastani waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Basi ulizieni mapema, msingoje siku za mwisho.

Timu ina nani?

Daktari, muuguzi, mfamasia, ofisa ustawi wa jamii, na sheikh au mchungaji mkipenda. Muuguzi atavuta kiti, atamuuliza mama kama analala, kama choo anapata, kama kuna jambo linamkosesha raha. Pengine kinachomliza ni ada ya mjukuu kuliko uvimbe wenyewe. Hilo nalo ni kazi yao.

Huduma hii imetoka wapi?

Daktari Mwingereza Cicely Saunders alifungua hospisi (kituo cha kuwatunza wagonjwa wa maradhi yasiyopona) ya St Christopher's, London, mwaka 1967, na muongo uliofuata timu zikaanza kuingia hospitalini. Kwetu, Nairobi Hospice ilianza 1990. Uganda, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi waliosomea fani hii wanaruhusiwa kuwaandikia wagonjwa morfini, dawa kali ya maumivu. Dar es Salaam, ulizeni Ocean Road, hospitali ya saratani.

Wamempa morfini. Si atakuwa teja?

Hofu hii imewaacha wengi wakilia usiku kucha bila sababu. Morfini inayopimwa kwa maumivu ya kweli, chini ya uangalizi, ni nadra kumgeuza mgonjwa wa namna hii kuwa teja, wala haiharakishi kifo.

Ile ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo yasiwepo: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni. Ya saa 4 usiku mara nyingi daktari huiongeza maradufu ili mama alale mpaka asubuhi. Msiiongeze wenyewe. Usingizi mzito wa mwanzoni kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui, ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huanza siku hiyo hiyo, msipopewa, iombeni. Akiwa haamki vizuri au anapumua polepole mno, msimpe dozi inayofuata, mpelekeni hospitali mara moja. Na msiikatishe ghafla.

Hospitali yetu haina timu hiyo. Tufanyeje?

Mwombeni daktari rufaa. Wakati mkingoja, wekeni daftari kando ya kitanda: maumivu yameanza saa ngapi, ni wapi, na mama anayapa ngapi kati ya 0 na 10. Mkienda, lichukueni pamoja na chupa zote za dawa.