Nesi wa kiwandani siyo wa kugawa panadol tu

Kila tukikaa na wanafunzi wa uuguzi hapa Moshi tukawaambia kuna kazi ya nesi nje ya wodi, viwandani, mashambani, migodini, swali linalokuja ni hilohilo, huko si ni kukaa kwenye kachumba ka huduma ya kwanza unagawa panadol na kufunga bandeji mpaka unastaafu? Kiukweli unaweza ukafanya hivyo na hamna atakayekusumbua, wapo waliofanya hivyo miaka na miaka. Ila kazi yenyewe siyo hiyo, na kama unataka kufika mahali ambapo meneja anakuita kwenye kikao badala ya kukuita kupima presha ya mgeni wake, anza na kitu ambacho wengi wanakidharau: rejista ya wagonjwa.

Rejista ya zahanati ya kawaida inaandika jina, umri, ugonjwa, dawa, basi. Nesi wa afya kazini anaongeza safu zake mwenyewe, mtu anafanya kazi idara gani, shifti ipi, anashika mashine gani au anapulizia dawa gani, na ameanza kujisikia vibaya saa ngapi. Inaonekana ni kazi ya ukarani lakini hapo ndo kila kitu kinapoanzia. Tuseme uko kwenye shamba la maua upande wa Usa River, anakuja dada kichwa kinauma, unampa dawa anarudi kazini. Kesho yake wanakuja wawili wa nyumba ileile ya maua, kichwa, kichefuchefu, mmoja anasema macho hayaoni vizuri, na ukirudi nyuma kwenye rejista unakuta wiki iliyopita na wiki ya juzi ilikuwa hivyohivyo, na kila mara ni siku inayofuata baada ya kupulizia. Sasa hapo huna wagonjwa watatu wa kichwa, una swali la kumpelekea meneja wa shamba, watu wanarudishwa ndani baada ya muda gani tangu dawa ipulizwe? Lebo ya dawa yenyewe inasema muda wa kusubiri. Mara nyingi hamna aliyeisoma, au aliyeisoma ni mwenye stoo na hakuambiwa awaambie wengine.

Swali la aina hiyo ni la zamani. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, akawaambia madaktari wenzake wamuulize mgonjwa anafanya kazi gani. Manesi nao hawakuchelewa sana, 1878 kiwanda cha haradali cha Colman kule Norwich, Uingereza, kilimwajiri Philippa Flowerday, akawa anasaidia kliniki ya kiwanda na kuwafuata wagonjwa majumbani. Marekani, 1895, kampuni ya marumaru ya Vermont ikamchukua Ada Mayo Stewart, anajulikana kwa kuzungukia familia za wafanyakazi kwa baiskeli. Mpaka 1942 manesi wa viwandani wa Marekani walishakuwa na chama chao cha kitaifa. Kwa hiyo mtu akikwambia nesi wa kazini ni kitu cha kisasa, mwache.

Turudi kwa wapulizia dawa, maana hapa ndo naona manesi wengi wanapoteza nafasi. Dawa nyingi za kuua wadudu za jamii ya oganofosfeti zinashusha kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi kwenye damu, na kipimo chake kipo. Tatizo ni kwamba watu wanatofautiana sana kwa asili, kiwango cha kawaida kwa huyu kinaweza kuwa ni kushuka kwa mwingine, kwa hiyo ukimpima mtu baada ya kuugua tu huwezi kusema kwa uhakika ameshuka kutoka wapi. Lazima umpime kabla hajashika bomba la kupulizia, uandike, ndo ufuatilie. Ukiona ameshuka unamtoa kwenye kazi ya kupulizia mapema kabla hajaanza kutokwa jasho, mate na mboni kusinyaa. Hiki kipimo cha mwanzo ni vigumu kukipata mtu akishaanza kupulizia, na nesi ndiye anayekutana naye siku hiyo ya kwanza, siyo daktari anayekuja mara moja kwa mwezi.

Vumbi ni hivyohivyo ila polepole zaidi. Vijana wengi wa Arusha na Moshi wamepita Mererani kwenye migodi ya tanzanite, na vumbi la mawe lenye silika linaingia mapafuni na kukaa humohumo, makovu yanaweza kuonekana baada ya miaka 10 au zaidi, wakati mtu ameshaacha mgodi anauza spea mjini. Mwenye makovu hayo uwezekano wake wa kupata TB unapanda mara 3 au zaidi. Kwa hiyo nesi wa zahanati yoyote hapa Kaskazini akipata mtu wa kikohozi kisichoisha amuulize umewahi kushuka mgodini, akisema ndiyo ampeleke hospitali yenye kipimo cha mapafu na eksrei, hospitali ya Kibong'oto kule Siha wanayajua haya magonjwa.

Sheria iko upande wako, na usiionee aibu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi namba 5 ya 2003 inamtaka mwajiri apimishe wafanyakazi afya zao, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana ofisi yao ya kanda Arusha. Mtu akiumia au akaugua kwa sababu ya kazi kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango wake anatoa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara, wafanyakazi wengi bado hawajui hilo. Na ile rejista yako yenye idara na mashine ndo ushahidi kwamba mgongo au masikio yaliharibika kazini.

Lakini hapa kuna mtego. Mwajiri ndiye anayekulipa na mgonjwa ndiye anayekuamini. Cheti kinachoenda ofisini kinasema mtu anafaa kwa kazi fulani, hafai, au anafaa kwa masharti, kwa mfano asibebe mizigo mizito, na hapo kinaishia. Majibu ya damu, mimba, virusi vya ukimwi, havimhusu afisa rasilimali watu, na sheria ya ajira ya 2004 inakataza ubaguzi kwa mambo hayo. Siku ukimnong'oneza bosi kitu kimoja tu, hamna atakayekuja kukwambia anaumwa nini, rejista inabaki na mafua matupu.

Kwenye kikao, usianze na kuomba glavu na barakoa. Vifaa kinga ni hatua ya mwisho. Anza na je, hii dawa kali inaweza kuondolewa kabisa, au ibadilishwe, au mashine ifungiwe isitoe kelele, maana kelele za desibeli 85 kwa masaa 8 kila siku zinaua usikivu na vizibo vya masikio havitasaidia sana kama hamna anayejua kuvivaa. Halafu ongea hesabu, siku ngapi za kazi zimepotea idara ya ufumaji miezi hii mitatu. Meneja haelewi kolinesterasi ila siku za kazi anazielewa vizuri sana.

Kusoma zaidi inasaidia, OSHA wana mafunzo, chuo kikuu cha afya cha MUHAS Dar wana masta ya afya ya mazingira na kazi, na leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga isikwishe huku unasubiri. Ila usisubiri masta. Kampuni za kupandisha wageni mlimani zina wapagazi ambao mzigo haupaswi kuzidi kilo 20, nani anapima mzigo getini, nani anamuuliza mpagazi anayekohoa usiku kambini? Nesi mwenye mizani na daftari anaweza kuanza na hilo msimu huuhuu, na wa kiwandani aanze na wale wanaoacha kazi mwezi huu, wapimwe masikio na mapafu kabla hawajarudisha ovaroli.