Jino likiuma usiku: nani aje sasa hivi, nani angoje kuche

Malalamiko tunayopokea siku hizi yanafanana. Mtu amefika kitengo cha dharura saa saba ya usiku, ameshika shavu, hajalala siku mbili, na amepewa vidonge vya maumivu akaambiwa aje kliniki ya meno asubuhi. Anaondoka akisema amefukuzwa. Asubuhi hiyo hiyo, kwenye benchi la kliniki, namkuta mwingine aliyevimba kuanzia kidevuni hadi shingoni, mate yanamshinda kumeza, naye ameketi kwa adabu akingoja nambari kumi na nne iitwe. Huyu wa pili ndiye aliyekuwa na haki ya kupiga kelele. Hakusema neno, kwa sababu jino “halimuumi tena”.

Idara imeniomba nieleze tunavyopanga nani aonwe kwanza, nami nitaanza na jambo linalowakera wengi: ukali wa maumivu sio tunaoupima. Jino lililotoboka hadi ndani huuma vibaya mno kwa sababu nyama yake ya ndani ingali hai, imevimba, na imezungukwa na ukuta mgumu usiotanuka. Ukilala damu inajaa kichwani na maumivu yanazidi, ndiyo maana wengi huja usiku. Kisha siku moja nyama hiyo inakufa na maumivu yanakatika ghafla. Mtu anamshukuru Mungu, anarudi kazini. Usaha nao umebaki pale pale kwenye ncha ya mzizi, unatafuta pa kutokea. Ukitokea kwenye ufizi, ni bahati. Ukiwa ni wa gego la chini na ukashuka chini ya ulimi na shingoni, unausukuma ulimi juu na nyuma, na njia ya hewa inaanza kuziba. Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na mpaka leo unaua watu kwa ajili ya jino moja bovu.

Kwa hivyo, anayetakiwa kuja usiku ule ule, bila kungoja kuche, ni mwenye uvimbe ulioshuka chini ya taya au uliopanda hadi jicho linafumba. Mwenye homa pamoja na uvimbe. Asiyeweza kufungua kinywa kiasi cha kuingiza vidole viwili. Anayetokwa na udenda kwa sababu kumeza kunamshinda. Au ambaye sauti imebadilika, anazungumza kama aliyetia kiazi karai cha moto kinywani. Mtu wa namna hii msimzungushe mjini mkitafuta daktari wa meno. Mpelekeni hospitali yoyote iliyo karibu yenye kitengo cha dharura. Kinachotakiwa kwanza ni hewa ipite na dawa ya mshipa ianze, na kazi hiyo haimngoji mtu wa meno. Wakazi wa Likoni, msivuke feri kwa sababu tu mmeambiwa wataalamu wako kisiwani Mombasa. Anzeni upande wenu, kisha hospitali hiyo ndiyo itakayompeleka mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi bado mwaiita Makadara, ikionekana lazima.

Hapa nifafanue sheria, maana inanukuliwa nusu nusu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inaeleza dharura hiyo ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kuituliza hali ya mgonjwa, na kupanga apelekwe kwingine iwapo hapo alipofika hapana uwezo. Kituo chenye uwezo kikikataa kutoa huduma hiyo kimetenda kosa, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni tatu. Angalieni maneno “chenye uwezo”. Zahanati isiyo na chumba cha upasuaji haivunji sheria kwa kutokupasua jipu la shingo. Itavunja sheria ikikuacha mlangoni bila kukutazama wala kukupangia safari. Ukipewa rufaa, dai barua yenye jina lako, saa uliyofika, dawa ulizopewa na kiasi chake, na sahihi ya aliyekuona. Bila barua hiyo unaanza upya kule unakokwenda, na dawa uliyochomwa hapa unaweza kuchomwa tena.

Kuhusu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya zamani, na kadi ya zamani mfukoni haikusaidii. Kujisajili ni kwa simu, *147#, nako kufanywe mtu akiwa mzima. Nimeona jamaa watatu wakibishana juu ya nambari ya kitambulisho cha baba yao huku mzee mwenyewe anakoroma kwa shida. Kutokusajiliwa si sababu ya kunyimwa huduma ya dharura. Ni sababu ya kusumbuka na bili baadaye.

Damu baada ya kung'olewa jino inaleta watu wengi usiku, na nusu yao wangeweza kubaki kwao. Kunja shashi au kitambaa safi, kiweke juu ya tundu lenyewe, uma kwa nguvu dakika thelathini kwa saa ya ukutani. Msichungulie. Kila mkichungulia mnabandua bonge la damu lililoanza kushika, na kusukutua ndiyo kabisa, kwa hivyo acheni kusukutua mpaka siku ipite. Ikiwa dakika hizo zimetimia mara mbili na damu ingali inajaa kinywani, au unatumia dawa za kulainisha damu, njoo.

Jino lililong'oka lote kwa kuanguka au kupigwa ndilo pekee tunalolihesabia kwa dakika. Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka tisa aliyegonga ukingo wa ngazi za madrasa. Jino alikuwa nalo, amelifunga vizuri kwenye pindo la leso, na kabla ya kulifunga alilisugua kwa sabuni hadi likang'aa. Alifanya kila kitu kwa mapenzi. Lakini kwenye mzizi huwa kuna ngozi nyembamba iliyo hai, nayo ndiyo inayolishikisha jino tena kwenye taya. Sabuni na kukauka ndani ya leso kwa saa tatu viliimaliza. Lishike jino upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze kidogo kwa maziwa, usilisugue. Ukiweza, lirudishe tunduni mwake, mtoto aume leso, mje hivyo hivyo. Ukishindwa, litie kwenye maziwa, hata ya pakiti kutoka duka la jirani, na ujitahidi kufika ndani ya saa moja. Maji ya mfereji hayafai. Madafu? Huulizwa kila mara na hapa kwetu hayakosekani, lakini majaribio ya maabara yaliyofanyiwa maji ya nazi hayakuafikiana, basi chukueni maziwa. Jino la utoto likitoka halirudishwi, litaharibu linalokuja chini yake.

Na waliopigwa ngumi: msipitie kituo cha polisi kwanza. Nimepokea kijana aliyekaa foleni ya kuandikisha nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, huku jino limekaukia mfukoni. Anza hospitali. Karatasi zako za matibabu, zikiwa na saa uliyofika, ndizo zitakazotumika kujaza fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako, na fomu yenyewe haiuzwi. Ripoti polisi ukitoka kutibiwa, uchukue P3, uirudishe hospitali ijazwe, kisha uipeleke kituoni. Shambulio lililoacha jeraha la mwili lina kifungo cha hadi miaka 5 chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, na kesi haipungui uzito kwa sababu ulitangulia kutibiwa.

Mliobaki, wa jino linalouma bila uvimbe, tutawaona asubuhi. Usiku mmeze parasetamoli, mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima, na mlale kichwa kikiwa juu. Karafuu hutuliza kidogo, sina ugomvi nayo. Asprini iliyosagwa na kubandikwa ufizini inaunguza, na kidonda chake ndicho kinachonipa kazi ya pili. Vidonge vya rangi mbili vya kemisti, vinne kwa shilingi hamsini, havitibu jino lililooza. Vinapunguza usaha siku tatu, kisha unarudi, na mara nyingine unarudi na shingo.

Wapo pia wanaoambiana kwamba jino haling'olewi shavu likiwa limevimba, lazima uvimbe ushuke kwanza. Hili nimelisikia hadi kwa watu wa kazi yetu, na ndilo linalochelewesha wengi. Ni kweli ganzi hushika kwa tabu penye usaha, ndiyo maana twaichoma mbali na uvimbe. Lakini kuondoa chanzo ndiyo dawa yenyewe. Mwezi wa Ramadhani nao huja na swali la kama kung'oa kunafunguza. La dini muulizeni shekhe wenu. La kwangu ni kwamba jipu halingoji magharibi.

Mkija, njooni na pakiti za dawa mlizokwisha kumeza, hata kama ni tupu. “Vile vyekundu na manjano” si jina la dawa.