Kujiandaa kwa kazi ya ushauri wa kodi ukiwa bado chuoni Uganda: dhana potofu na ukweli

Kila mwezi Juni, bajeti inaposomwa Kampala, wanafunzi wa biashara na wa sheria huanza kuulizana kuhusu kazi ya ushauri wa kodi. Maswali yao ni mazuri, lakini mengi yamejengwa juu ya maneno ya mitaani, na nimeona vijana wenye uwezo wakiiacha njia hii, au wakiianza vibaya, kwa sababu ya maneno hayo.

Dhana: Kazi hii ni ya wanaojua hesabu.

Ukweli: Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25, mfanyakazi mkaazi anayelipwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi hatozwi chochote kwa shilingi 235,000 za kwanza; shilingi 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 10, shilingi 75,000 za baada ya hapo asilimia 20, na 590,000 zilizobaki asilimia 30. Jumla ni shilingi 202,000. Kigumu ni swali linalotangulia hesabu: je, mtu huyu ni mwajiriwa au amepewa kazi ya mkataba akiwa anajitegemea? Nyumba aliyopewa na mwajiri inahesabiwa kuwa mapato yake au la? Majibu hayo hayako kwenye kikokotoo, yako ndani ya sheria, na kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kazi hii ajizoeze kusoma Sheria ya Kodi ya Mapato, ile ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na ile ya Taratibu za Kodi kifungu kwa kifungu, badala ya kutegemea muhtasari wa mwenzake wa mwaka wa juu. Muhtasari huo huzeeka haraka. Marekebisho ya sheria za kodi kwa kawaida huanza kutumika Julai 1, na tangu toleo jipya la sheria za Uganda lilipoanza kutumika mwaka 2024, Sheria ya Kodi ya Mapato, iliyojulikana kwa miaka mingi kuwa Sura ya 340, sasa ni Sura ya 338, na namba za vifungu vingi zimebadilika. Anayenukuu kifungu cha zamani mbele ya ofisa wa kodi hujiaibisha kabla hajaanza hoja.

Dhana: Mshauri wa kodi ni fundi wa kuficha mapato.

Ukweli: Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa kuwa inawavuta kwenye fani watu wasiofaa na kuwafukuza wanaofaa. Kukwepa kodi ni kosa la jinai. Kumsaidia mtu alipe kile tu ambacho sheria inamdai ni kazi halali.

Wakati wa likizo moja, mwanafunzi niliyekuwa nikimwelekeza alimtembelea mama mmoja anayeuza vyombo vya plastiki sokoni Nakawa. Alipouliza, “Mama, kumbukumbu za biashara mnaziweka wapi?” mama alivuta kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kutoka chini ya meza, imejaa risiti, nyingine wino umefifia hata hazisomeki. “Mwanangu, ni hizi tu,” akasema. Walizitandaza juu ya mkeka, wakazipanga mwezi baada ya mwezi, na zile zilizofifia wakazioanisha na ujumbe wa malipo uliobaki kwenye simu. Ilichukua siku tatu. Mauzo ya mwaka yakaonekana kuwa shilingi milioni 40. Kwa wafanyabiashara wadogo, ambao mauzo yao hayazidi milioni 150 kwa mwaka, sheria ilikuwa imeweka viwango viwili: asiye na kumbukumbu, kwa mauzo kama ya mama huyu, alilipa shilingi 200,000, mwenye kumbukumbu alilipa 80,000 pamoja na asilimia 0.5 ya kile kinachozidi milioni 30, yaani jumla 130,000. Mama alibaki na shilingi 70,000 bila kuficha hata senti. (Utaratibu huo hauwahusu mawakili, wahasibu na wataalamu wengine wa aina hiyo, mshauri naye aijue kodi yake mwenyewe.)

Dhana: Shahada ikipatikana, mlango umefunguka.

Ukweli: Anayetaka kuwawakilisha walipakodi mbele ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ni lazima asajiliwe kuwa wakala wa kodi, na usajili huo una masharti ya elimu na mwenendo. ICPAU, taasisi ya wahasibu iliyoanzishwa mwaka 1992, ina mitihani ya CPA kwa wahasibu na pia mitihani ya CTA iliyotungwa mahsusi kwa washauri wa kodi. Inafaa kuulizia masharti yake mapema. Kabla ya usajili, mwanafunzi asiwajazie watu ritani, yaani fomu za taarifa ya kodi, kwa malipo wala asikae na nywila zao.

Dhana: Mitambo imeshaimaliza kazi hii.

Ukweli: Mfumo wa ankara za kielektroniki, EFRIS, huifikishia URA taarifa za mauzo papo hapo, na ndiyo sababu tofauti ndogo kati ya ankara na ritani huonekana upesi. Barua ya makadirio ya kodi ikishafika, mlipakodi ana siku 45 za kuwasilisha pingamizi. Asiporidhika na uamuzi wa Kamishna wa URA, ana siku 30 za kwenda kwenye Baraza la Rufaa za Kodi. Pingamizi huandikwa na mtu, kwa hoja na vielelezo. Maamuzi ya Baraza hilo husomwa bure kwenye ULII, tovuti ya sheria na hukumu za Uganda. Mwanafunzi anayesoma uamuzi mmoja kila wiki na kuuandikia ukurasa mmoja, akieleza nini kilibishaniwa na ni karatasi gani iliyokosekana, anajifunza kile ambacho mtihani wa muhula haumpi.

Dhana: Kiingereza kinatosha.

Ukweli: Sheria zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini wateja hawaishi ndani ya sheria. Chukua mfanyabiashara wa Arua aliyesajiliwa VAT, anayewauzia wanunuzi kutoka Kongo. Bidhaa zinazouzwa nje ya nchi hutozwa asilimia sifuri, ila ni lazima awe na ushahidi kwamba zimevuka mpaka. Akiukosa, ile asilimia 18 ya VAT itatoka mfukoni mwake. Mshauri anayemsaidia ni yule anayeweza kusimama naye dukani na kumpa maneno ya kumwambia mteja: “Kaka, ukishavuka, nirudishie karatasi ya forodha, la sivyo kodi ya mzigo huu nitailipa mimi.”