Herufi ndani ya duara: zifae wapi, zikwame wapi

Ukitazama ⓀⒶⓇⒾⒷⓊ unasoma neno moja. Kompyuta haioni neno hapo, inaona alama sita zilizopangana. Kazi yangu ni kupanga maandishi ya tovuti na programu za simu, na kwa sababu hiyo nawasihi ninaofanya nao kazi wazitumie herufi hizi kama alama, wasiziandikie maneno.

Wengi huziita "fonti ya maduara" kwa kuwa kuna tovuti za kugeuza maandishi zinazozitoa papo hapo. Si fonti. Fonti hubadilisha sura ya K, nayo ikabaki K. Hapa K imeondolewa kabisa na nafasi yake imeshikwa na alama yenye namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi na alama namba yake: K ya kawaida ni U+004B, Ⓚ ni U+24C0. Kundi lao la kwanza, U+2460 hadi U+24FF, lina alama 160 za tarakimu na herufi katika maduara na mabano. Sehemu kubwa imetokana na viwango vya zamani vya kompyuta vya Asia Mashariki. Kiwango cha Korea, kwa mfano, kilikuwa na ⓐ hadi ⓩ. Miraba na maduara meusi yako mbali, baada ya U+1F100, na yaliingia katika matoleo ya 2009 na 2010.

Sasa andika neno lilelile kwa miraba iliyojazwa: 🅺🅰🆁🅸🅱🆄. Kwenye simu nyingi A na B zitatokea nyekundu, kubwa kuliko wenzake, na neno litaonekana limechanika. Sababu ni kwamba A, B, AB na O zilikuwa emoji za makundi ya damu katika simu za Japani, na P ni alama ya maegesho ya magari. Ⓜ nayo imo katika emoji. Ukiweka U+FE0E, alama isiyoonekana, baada ya alama hizo unaomba sura ya maandishi, ila si kila programu hutii.

Hilo ni la macho tu. Linaloniuma zaidi ni la masikio. Asiyeona hutegemea kisoma skrini, programu inayosoma maandishi kwa sauti, na kisoma skrini kikifika kwenye ⓀⒶⓇⒾⒷⓊ kinaweza kutaja kila alama kwa jina lake refu, duara na herufi, duara na herufi, mara sita, au kikaziruka zote kimya. Jina la mtu lililopambwa hivyo kwenye wasifu wake linakuwa kelele, au halipo. Kichwa cha tangazo kikiandikwa hivyo, kuna wasomaji ambao hawatajua tangazo linahusu nini.

Utafutaji nao una mtego. Unicode imeweka njia ya kuirudisha Ⓚ kuwa K, na programu zinazosawazisha maandishi huitumia. Lakini 🅚, duara jeusi, haikupewa njia hiyo. Kwa hiyo maneno mawili yanayofanana machoni, moja litapatikana mahali fulani na jingine halitapatikana. Na kwenye SMS ya kawaida, yenye nafasi ya herufi 160, Ⓐ moja tu inauhamisha ujumbe mzima kwenye usimbaji mwingine, yaani namna nyingine ya kuhifadhi herufi inayokula nafasi zaidi, na nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 120 unagawanyika mara mbili kwa ajili ya pambo moja.

Hata hivyo nazipenda, na nazitumia. Kwenye mchoro wa mashine au ramani, Ⓐ, Ⓑ na Ⓒ zikielekeza sehemu tatu, kisha maelezo ya chini yakianza kwa alama zilezile, jicho halipotei. © na ® hazina mbadala ulio mfupi kiasi hicho. Angalia tu saizi: herufi imebanwa ili itoshe duarani, hivyo kwenye maandishi madogo tundu la Ⓑ huziba. Na kama fonti yako haina alama hiyo, kifaa kitaiazima kwenye fonti nyingine, na duara litakaa juu au chini ya mstari.

Ukitaka duara kama pambo, acha herufi ibaki herufi na uchore duara kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za tovuti: upana na urefu sawa, mpaka, na `border-radius: 50%`. Rangi na unene unaamua mwenyewe, kisoma skrini kinasoma A, na anayenakili anapata A. Nafanya hivyo hata kwa tarakimu, maana ① hadi ⑳ zimekaa pamoja, lakini ㉑ hadi ㊿ ziko kwenye kundi jingine la Unicode, na fonti nyingi zenye zile ishirini za kwanza hazina hizi.